Chianti: Panga vituo vichache, chagua dereva mapema

MSAFIRI anayetoka Florence asubuhi kwa nia ya kulala Siena ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni barabara ya kasi, inayommaliza safari kwa muda wa saa moja hivi. Ya pili ni barabara ya SR222, maarufu kwa jina la Chiantigiana, inayopita katikati ya vilima vya mizabibu na mizeituni vya Chianti, nchini Italia.

Chiantigiana ina urefu wa kilomita 70 hivi, lakini umbali huo hudanganya. Kona ni nyingi na barabara ni nyembamba. Wageni wanaopanga vituo saba au nane hufika Siena usiku, bila kuona chochote kwa utulivu. Vituo vitatu vinatosha: asubuhi, mchana na alasiri.

Kituo cha asubuhi ni Greve in Chianti. Uwanja wake mkuu una umbo la pembetatu, na umezungukwa na maduka yaliyo chini ya matao. Katikati imesimama sanamu ya Giovanni da Verrazzano, baharia aliyefika ghuba ya New York mwaka 1524. Siku ya Jumamosi asubuhi kuna soko.

Mchana unafaa kutumiwa Castellina in Chianti, mbele ya Panzano. Hapo kuna Via delle Volte, njia iliyofunikwa kando ya ukuta wa kale, yenye matundu yanayoonyesha mabonde. Mlo uliwe kwa wakati, kwani maduka mengi ya miji midogo hufungwa mchana kwa saa kadhaa.

Castellina ndipo uamuzi unapofanyika. Mwenye muda huiacha SR222 na kuelekea mashariki hadi ngome ya Brolio, karibu na Gaiole, ambako Siena huonekana kwa mbali. Mwenye ngome hiyo, Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Italia, ndiye aliyeeleza mwaka 1872 mchanganyiko wa mvinyo wa Chianti, akiupa uzito mzabibu wa Sangiovese. Leo mvinyo wa Chianti Classico sharti uwe na angalau asilimia 80 ya Sangiovese.

Alama ya mvinyo huo ni jogoo mweusi. Masimulizi yanasema Florence na Siena zilikubaliana kuwa mpaka wao uwe mahali watakapokutana wapanda farasi wawili, kila mmoja akiondoka jogoo awikapo. Watu wa Florence walimnyima chakula jogoo wao mweusi. Akawika kabla ya alfajiri, na mpanda farasi wao akakaribia kufika Siena. Hata kwa msafiri wa leo, aondokaye mapema ndiye anayefaidi.

Jambo zito zaidi ni nani ataendesha. Sheria ya Italia hairuhusu dereva kuzidi gramu 0.5 za kilevi katika lita moja ya damu. Aliye chini ya umri wa miaka 21, au mwenye leseni isiyofikisha miaka mitatu, haruhusiwi kunywa hata tone. Adhabu ziliongezwa makali Desemba 2024.

Hivyo dereva achaguliwe kabla ya safari, naye anunue chupa yake aifungue Siena gari likishaegeshwa. Ziara za kuonja mvinyo nazo ziombwe mapema, kwa sababu mashamba mengi hupokea wageni kwa miadi.

Kwa dereva wa Afrika Mashariki kuna mawili ya kuongeza: Italia magari hupita kulia, na leseni ya nyumbani huhitaji kuambatana na kibali cha kimataifa cha udereva.

Mtego wa mwisho uko mijini. Katikati ya Florence na Siena kuna maeneo yaliyozuiwa kwa magari yasiyo na kibali, yenye alama ZTL, na kamera husoma namba za gari. Faini huweza kumfikia mgeni nyumbani miezi kadhaa baadaye, kupitia kampuni iliyomkodisha gari.

Dawa ni kuegesha nje ya kuta za mji na kuingia kwa miguu. Mistari meupe ya maegesho ni ya bure, ya buluu hulipiwa, na ya njano ni ya wenye ruhusa maalumu.