Gitaa la Umeme la Kuungaunga: Ufundi na Istilahi Zake katika Mazingira ya Garissa

Gitaa la umeme ni ala iliyozaliwa ikiwa tayari kugawanyika. Leo Fender, fundi wa redio wa California, alipoanza kuuza mnamo mwaka 1950 gitaa lililokuja kujulikana kama Telecaster, aliifunga shingo kwenye mwili kwa skrubu nne badala ya kuigandisha kwa gundi. Tangu hapo shingo yaweza kununuliwa kwa muuzaji mmoja, mwili kwa mwingine na vyuma kwa wa tatu. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi vipande hivyo vinavyooanishwa, hususan kwa mtu aliyeko Garissa, mji wa ukingoni mwa mto Tana, yapata kilomita 370 kutoka maduka ya Nairobi. Kwa mtu huyo, kipande kisichooana na vingine si usumbufu mdogo. Ni nauli ya kwenda na kurudi.

Wazo lenyewe si geni Kaskazini Mashariki. Aqal, nyumba ya Wasomali wa kuhamahama, husimamishwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka iliyofumwa, kisha hubomolewa, hupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena penye malisho. Wala ala ya nyuzi si ngeni. Kaban, yaani udi wa Wasomali, ndiyo iliyobeba nyimbo za Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, naye alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Katika miaka ya 1970 na 1980, bendi za Mogadishu kama vile Iftin na Dur-Dur zilipiga gitaa la umeme bila shida, kwani ngazi ya noti tano inayotawala muziki huo hukaa vyema juu ya freti.

Freti ni vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Urefu wa uzi unaotetema, kutoka kizingiti kilicho karibu na kichwa hadi daraja lililo mwilini, huitwa hapa kipimo cha uzi. Shingo za mtindo wa Fender zina kipimo cha milimita 648; za mtindo wa Gibson zina takriban 628. Freti zimekwisha kupangwa kwa kipimo hicho, hivyo aliyenunua shingo amekwisha kuamua daraja litakaa wapi. Freti ya 12 sharti iwe katikati kabisa: ikiwa ni milimita 324 kutoka kizingitini, basi daraja nalo liwe milimita 324 kutoka freti hiyo, na kwa nyuzi nene lisogezwe nyuma kidogo. Mwili uliochongwa kwa kipimo kimoja ukifungwa shingo ya kipimo kingine, ala itaonekana nzuri na kamwe haitaimba sawasawa. Hakuna skrubu ya kurekebisha kosa hilo.

Vipimo vingine ni vidogo ila vina ukaidi wao. Upana wa kitako cha shingo ya Fender ni kama milimita 56, na shimo la mwilini halina budi kuubana. Matundu ya vigingi vya kukazia nyuzi huwa ya milimita 10 katika shingo nyingi za sasa, na chini ya 9 katika za mtindo wa zamani. Tundu jembamba hupanuliwa kwa keekee. Pana mno ni kilio.

Kuhusu mwili, mbao yoyote ngumu iliyokauka barabara inafaa. Inapendeza kutaja kwamba mwarobaini, mti wa kivuli katika nyua nyingi za Garissa, ni wa familia moja na mkangazi, ndugu wa mahogani zinazotumiwa na viwanda vya magitaa.

Sehemu inayolifanya gitaa kuwa la umeme ni kinasa. (Wapigaji husema pikapu, neno ambalo kwa msomaji wa Garissa ni gari la kubebea mbuzi, kwa hiyo makala haya yanashikilia kinasa.) Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele. Uzi wa chuma unapotetema juu yake, huvuruga uga wa sumaku na kuzalisha mkondo hafifu katika waya, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Uzi wa nailoni hausikiki kamwe hapo. Kinasa cha koili moja hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumbani. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni mwaka 1955 kinasa cha koili mbili zinazofutiana mngurumo. Koili moja huendana na potensiometa za kilo-omu 250, koili mbili za 500. Waya wa ardhi kutoka darajani hadi soketi usisahauliwe: bila huo, gitaa hunguruma zaidi.

Hatimaye kuna hali ya hewa. Joto la mchana Garissa hupita mara nyingi nyuzi 34 za Selsiasi, na hewa ni kavu. Shingo iliyohifadhiwa penye unyevu, kwa mfano Mombasa, ikifika huko husinyaa kwa upana; ncha za freti, ambazo hazisinyai, hutokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Fundi mwenye subira huiacha shingo chumbani majuma kadhaa bila nyuzi, ndipo azipige tupa ncha hizo. Ikipinda chini ya mvuto wa nyuzi, chuma kilichofichwa ndani yake hukazwa kwa robo ya mzunguko, nyuzi zikapimwa tena kesho yake, kwani mbao haijibu siku hiyohiyo.