Kulinganisha Bei ya Bima ya Gari la Familia: Mwongozo kwa Wakazi wa Migori na Homa Bay (Sehemu ya Kwanza)

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, gari la abiria saba au wanane, hasa Toyota Noah au Voxy iliyotumika Japani kabla ya kuingizwa nchini, limekuwa chombo cha familia nzima: ndilo linalowapeleka watoto shuleni, wazee hospitalini, na jamaa matangani mwishoni mwa juma. Muda wa bima unapokaribia kwisha, mwenye gari la namna hii humwendea ajenti akiwa na swali moja, nalo ni kampuni ipi inayotoza kidogo zaidi, na jibu analopewa, hata likiwa la kweli, humsaidia kidogo, kwa kuwa mikataba miwili yenye bei tofauti aghalabu hulinda vitu tofauti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulinganishaji wa haki huanza na watu wanaopanda gari na kazi linayofanya, ndipo bei ifuate.

Kile ambacho sheria inalazimisha

Msingi wa bima ya magari nchini Kenya ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, ambayo inamkataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Katika lugha ya bima, mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni inayompa bima, na wa tatu ni yeyote mwingine anayeweza kudhurika, kama vile mpita njia, mwendesha bodaboda au aliyemo katika gari jingine. Bima hii ya lazima inahusu kifo na majeraha ya mwili, na kufuatia marekebisho ya mwaka wa 2006, kiwango ambacho sheria inailazimisha kampuni kukilinda hakizidi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua fidia iliyo kubwa kuliko hiyo, mwenye gari hudaiwa kilichobaki, isipokuwa mkataba wake uwe umeweka kiwango cha juu zaidi.

Lipo jambo jingine ndani ya sheria hiyo ambalo kila mwenye gari la familia anapaswa kulielewa kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kifungu cha 5 hakilazimishi bima igharimie abiria waliomo ndani ya gari lenyewe, ila tu pale ambapo abiria hao wanabebwa kwa malipo au kwa sababu ya ajira yao. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutii sheria kikamilifu, akawa na cheti halali kinachoonekana katika mfumo wa kidijitali wa Chama cha Kampuni za Bima Kenya, na huku mama, watoto na wajukuu walioketi nyuma yake hawamo katika ulinzi ambao sheria imeulazimisha. Ulinzi wao hutoka katika kipengele cha hiari kinachoitwa dhima kwa abiria, ambacho kampuni nyingine hukijumuisha katika bei na nyingine hukiuza kando. Kwa gari lililonunuliwa mahsusi ili kubeba watu, kipengele hiki ndicho cha kwanza kutafutwa katika ukurasa wa maelezo ya mkataba, pamoja na kiwango kilichowekwa kwa kila abiria na kwa tukio zima, kwa sababu kiwango cha tukio zima kikiwa kidogo, abiria wanane watalazimika kugawana fungu ambalo lingemtosha mmoja.

Namna bei inavyojengwa

Bima ya mtu wa tatu hutozwa kiasi maalumu kisichotegemea sana thamani ya gari, na ndiyo sababu huwa nafuu. Bima kamili, ambayo Watanzania huiita bima kubwa, huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi, na ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Juu ya ada hiyo huongezwa ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa Hazina ya Kufidia Wenye Bima wa asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Nyongeza hizi ni za kisheria na zinafanana kila mahali, kwa hiyo tofauti ya kweli kati ya kampuni na kampuni hutokana na asilimia ya ada, vipengele vilivyomo, na masharti ya kulipa hasara.

Ili jambo hili lieleweke, ichukuliwe Noah yenye thamani ya shilingi 1,500,000 na kampuni mbili za kubuni. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 4, yaani shilingi 60,000, ambazo pamoja na nyongeza za kisheria zinafikia shilingi 60,310. Kampuni ya pili inatoza asilimia 3.5, yaani shilingi 52,500, na jumla yake ni shilingi 52,776 na senti 25. Kwa mtazamo wa haraka, kampuni ya pili inamwokolea mteja zaidi ya shilingi 7,500 kwa mwaka, kiasi ambacho si haba kwa familia inayolipa karo na kuhudumia shamba la miwa Awendo.

Hesabu hubadilika pindi inapoingizwa eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Tuseme kampuni ya kwanza imeweka eksesi ya shilingi 15,000 kwa kila ajali, ilhali ya pili imeweka asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambayo ni shilingi 37,500. Gari likigongwa ubavuni na matengenezo yakagharimu shilingi 120,000, kampuni ya kwanza italipa 105,000 na ya pili 82,500, na tofauti hiyo ya shilingi 22,500 inameza karibu akiba ya miaka mitatu kwa ajali moja tu. Katika wizi, pengo huweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu mikataba mingi hupunguza eksesi kwa gari lililofungwa kifaa cha kulifuatilia: ikiwa kiwango ni asilimia 10 kwa lenye kifaa na 20 kwa lisilo nacho, mwenye Noah hiyo atapoteza shilingi 150,000 au 300,000. Rahisi huvunja upishi, na katika bima upishi huo huvunjika siku ile ambayo familia haina pesa nyingine ya kukimbilia.

Thamani inayoandikwa

Njia nyingine ya kupunguza ada, ambayo baadhi ya wateja huiomba wenyewe, ni kuandikisha gari kwa thamani iliyo chini ya ile ya sokoni. Mikataba mingi ina sharti la uwiano, ambalo kwalo kampuni hulipa hasara kwa kadiri ya sehemu ya thamani iliyowekewa bima. Noah ya shilingi 1,500,000 iliyoandikishwa kwa 1,000,000 imelindwa kwa theluthi mbili, na pale sharti hilo linapotumika, matengenezo ya shilingi 120,000 yatahesabiwa kuwa 80,000 hata kabla ya kutoa eksesi. Kuandikisha thamani ya juu kupita kiasi nako ni hasara, kwani gari likiharibika kabisa, kampuni haitalipa zaidi ya bei ya sokoni ya siku ya ajali, na ada ya ziada itakuwa imekwenda bure. Dawa ya yote mawili ni ripoti ya mthamini aliyeidhinishwa, inayopatikana upya kila baada ya muda, kwa sababu gari hushuka thamani mwaka hadi mwaka.

Kazi ambayo gari hufanya

Bei ya bima ya gari la binafsi ni ya chini kuliko ya gari la uchukuzi wa umma kwa sababu kampuni imekadiria kwamba gari hilo litatumika kwa shughuli za nyumbani. Hata hivyo, katika barabara za Rongo hadi Homa Bay na Migori hadi Isebania, magari madogo ya familia huonekana yakijaza abiria wa kulipa, hasa siku za soko na wakati wa likizo ambapo matatu huadimika. Mwenye gari huenda akaona ni msaada kwa jirani na nauli ni ya mafuta tu, lakini mkataba wake kwa kawaida umetenga waziwazi ubebaji wa abiria kwa malipo. Ajali ikitokea katika safari ya namna hiyo, kampuni inaweza kukataa kutengeneza gari, na iwapo matumizi halisi yalifichwa wakati wa kuomba bima, kifungu cha 10 cha Sura ya 405 kinairuhusu kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba ina haki ya kuutengua mkataba. Wanaoumia zaidi hapo ni abiria waliolipa nauli, na mwenye gari ambaye shamba na nyumba yake vinaweza kuuzwa ili kulipa fidia. Familia inayokusudia kutafuta riziki kwa gari lake inawajibika kupata leseni ya uchukuzi wa umma na bima inayolingana nayo, na bei za kulinganisha wakati huo ni za bima hiyo.

Mahali pia pana uzito wake. Anayevuka mpaka kutoka Isebania kuingia Sirari, Tanzania, anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hupanua bima ya mtu wa tatu hadi nchi wanachama wa mpango huo, na Tanzania imo ingawa ilikwisha kujitoa katika COMESA yenyewe. Naye anayeishi Nyatike, katika mabonde ambako Mto Kuja hufurika, hana budi kuuliza kama mafuriko yamo katika mkataba au ni kipengele cha kulipiwa kando.

Uimara wa anayeahidi

Ada ya bima hulipwa leo kwa ajili ya ahadi ya kesho, na ahadi hiyo ina thamani ikiwa tu aliyeitoa atakuwapo. Wakenya wamelijua hilo kwa uchungu: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka wa 2005, Standard Assurance ikafuata mwaka wa 2009, na Blue Shield mwaka wa 2011, na wateja wengi wakabaki na madai yasiyolipwa. Hazina ya Kufidia Wenye Bima ipo kwa ajili ya misiba kama hiyo, lakini malipo yake yana kikomo cha shilingi 250,000 kwa dai, kiasi ambacho ni moja ya sita tu ya thamani ya Noah iliyotajwa hapo juu. Kwa hiyo, kabla ya kuvutiwa na bei iliyo chini mno, mteja anapaswa kuhakikisha kwamba kampuni na ajenti wake wamo katika orodha ya mwaka huo ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na kuangalia takwimu za malalamiko na za ulipaji wa madai ambazo mamlaka hiyo huchapisha.

Ulinganishaji kamili, basi, huwekwa katika karatasi moja yenye safu ya kila kampuni, na katika kila safu huandikwa dhima kwa abiria, eksesi ya ajali na ya wizi, thamani iliyokubaliwa, matumizi yaliyoruhusiwa, na mwishoni kabisa jumla ya ada. Kampuni mbili zikilingana katika mistari yote ya juu, hapo ndipo iliyo nafuu inastahili kuchaguliwa bila shaka. Sehemu ya pili itaeleza hatua za kudai fidia baada ya ajali, kuanzia ripoti ya polisi hadi malipo, na njia zilizo wazi kwa familia ambayo dai lake limekataliwa.