Mche wa Chai Hununuliwa kwa Urefu, Hufa kwa Mizizi

Katika biashara ya miche ya chai, mnunuzi huhesabu vichwa. Husimama pembeni mwa tuta la kitalu, akatazama urefu na rangi ya majani, akauliza bei ya mche mmoja, kisha lori likapakiwa. Ni nadra kumwona akiomba kisu achane kiriba kimoja aone kilichomo. Hasara ya shamba jipya huanzia hapo, kabla hata shimo la kwanza halijachimbwa.

Mashamba mapya ya chai Mufindi, Njombe na Rungwe hupandwa kwa vikonyo: jani moja na kipande cha tawi cha sentimita tatu au nne, kilichokatwa kwenye bustani mama. Mtoto humfuata mama kwa kila kitu, na ndiyo maana watafiti wa kituo cha Ngwazi, Mufindi, walitumia miaka mingi kulinganisha aina kama BBK35, PC81 na S15/10. Hiyo ya mwisho ilitoka Kericho, na huko imewahi kutoa karibu tani 11 za chai kavu kwa hekta kwa mwaka. Lakini sifa za ukoo hazimsaidii mkulima aliyeuziwa mche usio na mizizi.

Inawezekanaje mche uwe kijani na usiwe na mizizi? Inawezekana sana. Chai hupenda udongo wenye tindikali. Kiriba kilichotengenezwa vizuri huwa na udongo wenye rutuba chini, na juu, pale kikonyo kinapochomekwa, udongo mwekundu uliochimbwa chini ya ardhi, usio na mboji. Mwenye kitalu akitumia udongo usio na tindikali ya kutosha, mahali palipokatwa huvimba na kuwa nundu nyeupe ngumu, na mizizi haitoki. Jani huendelea kung'aa kwa miezi. Kwa juu ni mche, ndani ni kijiti.

Hata miche iliyotoa mizizi bado haijawa bidhaa. Imelelewa miezi kadhaa chini ya nailoni iliyofungwa kabisa, katika unyevu na kivuli, na haijawahi kuonja upepo. Kuizoesha hali ya nje huchukua wiki nyingi: nailoni hufunguliwa kidogo kidogo hadi iondolewe yote, kisha nyasi za kivuli hupunguzwa taratibu mpaka miche ikae juani. Katikati ya hayo kuna kupalilia, kunyunyizia mbolea kidogo na kuondoa vitumba vya maua, kwa kuwa mche unaochanua hula akiba yake. Kuna pia kuinua viriba na kuvipanga upya kwa ukubwa. Hii huonekana kazi ya bure, lakini kiriba kisichoinuliwa hupenyeza mizizi ardhini, na siku ya kupakia mizizi hiyo hukatikia hukohuko.

Yote haya ni vibarua, na kibarua ni fedha. Mwenye kitalu anayeharakisha huondoa nailoni siku moja, na bei anayopata ni ileile ya jirani aliyehangaika. Soko lisilotofautisha mche uliokomaa na ule uliorefuka tu linamwadhibu fundi mzuri.

Wanunuzi nao wana lawama yao. Nyanda za juu kusini hupandwa mvua za mwanzo zinapotulia, kati ya Desemba na Januari, ili mche upate miezi ya kushika kabla ya kiangazi kirefu kinachoanza Mei au Juni. Mteja aliyeagiza miche kwa mdomo akaja na fedha Machi amemtia mwenye kitalu hasarani: ama auze miche itakayokutana na kiangazi ikiwa michanga, ama aimwagilie na kuilinda mwaka mzima mwingine huku mizizi ikijizungusha ndani ya kiriba. Malipo ya awali yaliyoandikwa kwenye mkataba yangepunguza nusu ya ugomvi huu.

Mkulima apige hesabu mwenyewe. Kwa nafasi ya futi 4 kwa futi 2 na nusu, ekari moja hubeba miche 4,356. Ikifa kumi katika kila mia, ana mapengo zaidi ya 430. Mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu, na pengo lililozibwa mwaka wa pili hubaki nyuma, kwa sababu majirani wameshalifunika kwa kivuli. Shamba la chai huweza kuvunwa miaka hamsini na zaidi. Pengo nalo hukaa humo muda huohuo, likiota magugu.

Kwa hiyo ukienda kitaluni msimu huu, chukua kisu. Mwambie mwenye kitalu akuonyeshe tuta, kisha chagua viriba vitano wewe mwenyewe: viwili vya katikati, viwili vya pembeni, na kimoja cha mche mfupi. Vichane, ukung'ute udongo, uhesabu mizizi. Na hivyo vitano uvilipie.