Mlenda wa Singida na Ndugu Yake wa Misri

Huku Singida mvua hunyesha msimu mmoja tu, yapata Desemba hadi Aprili. Ndipo mlenda huota wenyewe mashambani na vichakani. Wenye busara huchuma mwingi, huukausha na kuutwanga, na unga wake huwekwa akiba ya kiangazi, mboga mbichi ziadimikapo.

Lakini hapo ndipo tupotezapo mali. Jua kali huiharibu rangi ya manjano iliyofichwa katika majani, nayo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye aweza asione vema jua likichwa. Basi uanikeni kivulini, penye upepo. Na magadi yawe machache. Mimi siyapendi kabisa.

Baadhi ya milenda yetu ni ndugu wa mulukhia ya Waarabu wa Misri. Wao huyakatakata majani mpaka yalainike, huyatia katika supu ya kuku, kisha humimina juu yake kitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa kwa samli. Hawaachi ichemke sana, majani yasije yakazama chini. Mafuta yale huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Asiye na samli atie karanga zilizotwangwa, ale kwa ugali wa uwele.