Fundi wa Mbali Haoni Mashine Yako
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi ya kutafuta majibu yaliyokwisha kuandikwa. Leo tufike kwenye swali lenyewe. Hapa Likasi watu huomba msaada wa ufundi kwenye magrupu ya WhatsApp, na wasipojibiwa husema mafundi wana kiburi. Mara nyingi si kiburi. Fundi hana pa kuanzia.

Mkazi wa Panda, hapa hapa Likasi, anaandika: "Inveta kubwa inapatikana wapi? Yangu inazima." Amekwisha kuchagua dawa kabla ugonjwa haujajulikana. Fundi aliye Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, haoni batri wala waya. Akimtajia duka, pesa itatoka, na inveta mpya nayo huenda ikazima usiku uleule.

Angeandika hivi: "Inveta ya wati 1000, batri moja ya volti 12, ampea-saa 100, ina miaka mitatu. Bila mzigo napima volti 12.6. Friji ikianza kuvuta zinashuka hadi 10.4, inveta inalia, inazima. Taa peke yake zinawaka vizuri. Nimekaza vichwa vya nyaya, hali ni ileile."

Sasa fundi ana pa kushika. Inveta nyingi za volti 12 hujizima volti zikishuka karibu na 10.5, na mota ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko ikishachanganya. Atajibu: friji inapoanza, pima kwenye vichwa vya batri, kisha kwenye inveta. Zikishuka kote, batri imechoka. Zikishuka kwenye inveta tu, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea. Inveta ya kwanza huenda haina kosa lolote!

Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen waliandika mwongozo juu ya kuuliza maswali ya kompyuta, wakasisitiza kueleza dalili, si dhana. Naliona hilo ndilo shauri kuu. Ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno, hata ukiwa wa Kifaransa, usiufasiri. Piga picha ya kibati chenye namba ya mashine. Na kifaa kikipona, rudi useme kilichokiponya, maana mwenye shida kama yako atalitafuta jibu hilo kesho.

Juma lijalo: jinsi ya kupima jibu ulilopewa, hasa ukiambiwa ufungue kifaa chenye umeme ndani.