Mistari minne ya kuhesabu koltani

Baba amerudi kutoka Rubaya. Amepanda moto mpaka Sake, kisha taksi mpaka Ndosho, na mfukoni mwake iko kikaratasi: kilo 37, teneur 27. Mama anauliza: « Ni pesa yote hii? » Baba anajibu: « Ni ile walinihesabia. » Mazungumzo yanaishia pale, juu hakuna mtu wa nyumba mwenye anaweza kurudilia ile hesabu.

Lakini kwenye meza iko ordinatere. Ni ya okazio, betri imechoka, na mtoto anaitumia kwa kuangalia filme tu. Leo tunasema na huyu mtoto, kijana ao msichana. Na ninyi wazazi musikilize, juu ile mashini iko na deni kwenu. Tantali yenye inatoka ndani ya koltani ndiyo inatengenezwa vidude vidogo vya kushika umeme kwa muda kidogo, na hivyo vidude viko ndani ya ordinatere na telefone nyingi za dunia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kama mashimo ya Rubaya peke yake yanatoa zaidi ya 15 % ya tantali ya dunia nzima. Basi isiwe sisi tunachimba, wengine wanaamuru mashini, halafu sisi tunabakia na filme.

Neno la kwanza ni Linux. Ordinatere nyingi hapa Goma zinatembea na Windows, mara nyingi kopi ya kuiba, imejaa virusi vyenye vimetoka kwenye flashi ya sekretaria fulani ya njiani. Linux inafanya kazi ileile ya kuendesha mashini, na vile virusi vya Windows kwa kawaida havitembei ndani yake. Mwenye aliianzisha ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, na aliacha kila mtu aone namna imeandikwa. Ni kama chukudu. Kwenye chukudu hakuna kitu kimefichwa: mbao unaiona, misumari unaiona, mpira wa gurudumu unauona. Ikivunjika, unatafuta nyundo na panga, unatengeneza, na hakuna mtu wa kukuuliza ulipewa ruhusa na nani. Unaweza hata kuangalia ya jirani ukatengeneza yako. Ndiyo maana kuchukua Linux na kumpa mwenzako si wizi.

Ziko aina nyingi. Ile yenye inajulikana sana ni Ubuntu, ilitoka mwaka 2004. Walichagua lile neno kwa maana ya utu, lakini wenye wanasikia Kinyarwanda watacheka, juu wanajua « ku buntu » ni bure, na kweli ni bure. Mwenye aliianzisha, Mark Shuttleworth, alizaliwa Welkom, Afrika ya Kusini, mji wenye ulijengwa kwa ajili ya machimbo ya dhahabu. Tusidanganyane: baba yake alikuwa daktari, hakushuka shimoni.

Kwa mashini ya zamani, Ubuntu ya leo ni nzito, inapenda giga 4 za RAM na zaidi. Linux Mint, ile ya Xfce, inakubali hata giga 2. Faili yake ni karibu giga 3, kwa hiyo usiimalizie megabayiti za telefone. Tafuta mwanafunzi mwenye iko nayo, akukopie. Usiiweke kwenye flashi kama filme. Tumia Rufus, programu ya bure yenye inatembea kwenye Windows, ndipo flashi itaweza kuwasha mashini. Jua kama Rufus inafuta kila kitu kwenye ile flashi. Kisha zima mashini, iwashe ukifinya F12, ao F2, ao Esc, inategemea marke, na uchague flashi.

Hapa musikimbie. Linux inakubali kujaribiwa ndani ya flashi bila kugusa kitu cha ndani ya mashini. Ijaribu siku kadhaa. Siku ukiamua kuiweka kabisa na kufuta disko yote, picha za ndoa na za marehemu wa nyumba zitaenda pia. Zikopi kwanza mahali pengine. Tunarudilia: zikopi kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Finya Ctrl, Alt na T pamoja. Dirisha jeusi linafunguka, halina picha, linangojea maneno tu. Watoto wengi wanaogopa pale. Andika:

nano hesabu.py

Kisha, ndani yake:

kilo = 37
teneur = 27
bei = 1.25
print(kilo * teneur * bei)

Ctrl na O, Enter, ni kuweka akiba. Ctrl na X ni kutoka. Halafu:

python3 hesabu.py

Mashini inajibu 1248.75. Umekwisha kuandika programu. Luga uliyotumia inaitwa Python, ilikuwa tayari ndani ya Linux, haikuomba intaneti wala kulipa. Ile nyota ni alama ya kuzidisha. Bei ya 1.25 ni mfano wetu, dola kwa kila pointi moja ya teneur ndani ya kilo moja. Wewe weka bei ya siku.

Angalia ile nukta ndani ya 1.25. Sisi tulisoma kwa Kifaransa, tunaandika 1,25 na virgule. Mimi mwenyewe niliandika hivyo, na ekrani ikajaa 1, 25, 1, 25, 1, 25, kama kasuku amerukwa na akili. Nilifikiri nimeharibu mashini. Kumbe kwa Python virgule inatenganisha vitu viwili, kwa hiyo haikuona bei, iliona 1 na 25, ikazirudilia mara 999. Na kama klavye yako ni ya Kifaransa, kupata nukta lazima ufinye Shift.

Sasa cheza na hesabu, juu utamu uko pale. Fungua tena hesabu.py, badilisha kilo 37 iwe 35, kama vile mizani imeiba kilo mbili. Jibu ni 1181.25: dola 67 na nusu zimepotea. Rudisha 37, halafu punguza teneur kutoka 27 mpaka 25. Jibu ni 1156.25. Hapo zimepotea dola 92 na nusu. Kilo kila mchimbaji anaichunga kwa macho mawili, anasimama karibu na mizani, anabishana. Teneur anaambiwa tu, na anaitika. Kwa huu mfano wetu, pointi mbili za teneur zinakula pesa kuliko kilo mbili.

Programu haitengenezi mizani, wala haipimi mchanga. Ukiipa namba ya uongo, itakupa jibu la uongo. Lakini negosia akisema pesa ambayo hailingani na kikaratasi chake mwenyewe, ile inaonekana palepale, mbele ya mama na watoto. Ukiweka vikaratasi vya miezi sita, utaona pia nani teneur yake inashuka kila mara mvua inaponyesha na barabara ya Masisi inapokuwa mbaya.

Umeme ukikatika katikati, chenye hukuweka akiba kimeenda. Ctrl na O, kila mara.

Jumamosi yenye inakuja, baba akifika, kikaratasi kiwekwe kando ya klavye kabla ya chakula. Na baba akae karibu, asome namba mwenyewe kwa sauti, mtoto aandike.