Kamera ya baba ilivyoniponza

Msomaji wangu, hebu nikuulize. Katapila limeshafika kwa jirani na zamu yako inafuata. Ndani ya banda una kamera mbili: moja inayokulisha wewe na wanao, nyingine haijapiga picha hata moja kwa zaidi ya miaka kumi. Utaanza kuokoa ipi?

Mimi nilianza na ile ya pili.

Ilikuwa 2017, siku zile nyumba nyingi za kando ya Morogoro Road, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Kistudio changu cha hapa Kibamba kilikuwamo. Basi bwana, mzee mzima nikakimbilia juu ya kabati kuichukua Zenit ya marehemu baba. Nikasimama naifuta vumbi! Mama watoto huko nje anapiga kelele: "Baba watoto, printa! Printa jamani!" Printa ya picha za paspoti ikaenda na matofali. Canon, ambayo ndiyo ilikuwa inalipa ada za shule, aliiokoa yeye.

Wiki nzima hatukusemeshana.

Sasa hiyo Zenit ni kitu gani? Ni kamera ya Mrusi, Zenit-E, imetengenezwa kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Chuma kitupu. Ukimrushia nayo mwizi haamki. Baba aliinunua 1979 kwa Mhindi mmoja pale Samora. Uzuri wake, haidai betri. Kipima mwanga chake kinaendeshwa na mwanga wenyewe, mshale unacheza, wewe unazungusha lensi, mambo yanakwenda. Nilijifunzia hiyo, nikaipenda, halafu nikayapeleka mapenzi yangu kazini. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Mwaka 2003 dada mmoja jirani yetu alinipa kazi ya kipaimara cha mwanawe. Wakati huo nilishakuwa na kamera ya kazi, ya Kijapani, haina matatizo. Lakini nikakumbuka kuwa dada huyo huyo, alipobatizwa, alipigwa picha na baba kwa Zenit ile ile. Nikajisemea, ngoja nimpe heshima. Ya Kijapani nikaiacha nyumbani.

Kamera ya Kijapani flashi yake ilikuwa inakwenda na kasi ya 125, na mkono ulishazoea hivyo. Zenit inataka 30. Pazia lake la kitambaa linakwenda taratibu, ukiliwekea 125 halifunguki lote kwa wakati mmoja, linaacha mwanya tu. Flashi ikiwaka inapata upande mmoja wa picha, upande wa pili unabaki kiza. Haya yote nilikuwa nayajua! Baba alinifundisha mwenyewe. Siku hiyo raha ya kuishika ile kamera ilinisahaulisha.

Nikamaliza filamu nzima, picha 36. Kwenda kusafisha Kariakoo, zote za ndani ya nyumba ni nusu nusu. Kuna moja ya mtoto na bibi yake aliyesafiri kutoka Rombo. Mtoto anaonekana vizuri, shada shingoni. Bibi yuko kwenye kiza, umebaki mkono wake tu begani kwa mjukuu. Kabla ya Krismasi bibi akafariki.

Hela nilirudisha zote. Yule dada alizipokea bila kuhesabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko angenitukana.

Namkumbuka marehemu Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa hapa Dar mwaka 1963. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akatengenezewa wa bandia, akarudi kazini na kamera, hadi alipofariki 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Comoro. Mtu kapoteza mkono kapokea mwingine kazi ikaendelea, mimi nimeshindwa kuachana na Zenit!

Siku hizi nusu ya Kibamba wanajipiga wenyewe kwa simu. Canon yenyewe sina mapenzi nayo hata kidogo. Ikifa leo, kesho nanunua nyingine ya mtumba, basi.

Juzi yule dada kaja. Anataka ile picha ya bibi ikuzwe, aiweke sebuleni.

"Dada yangu, ile si imeharibika?"

"Ule mkono ni wa mama, kaka. Wewe kuza tu."

Negativu ninazo zote. Nikamfanyia, hela nikakataa. Akaiona Zenit juu ya kabati, akaomba aishike. Kaishika muda mrefu.

"Hii unauza?"

"Hapana, dada."

Mama watoto akadakia kutoka nyuma ya pazia: "Anauza! Mwambie bei!"